Jina la Beji

Mkono wa dada yangu uliondoka hospitalini kwa jina langu. Karatasi niliiona kwa macho yangu pale kaunta: mkono wa kulia wa Kalunde Maundu, umekatwa juu kidogo ya kifundo, umekabidhiwa jamaa wa mgonjwa. Karani alikuwa anakula ndizi. Akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa, nikamwambia ni dada yake. Akaniuliza jina. Sasa ningesema nini, na Kalunde Maundu ndiye aliyelala wodini? Nikasema Munyiva, nikatia sahihi kwa jina la Munyiva, kwa mkono ambao kwa mujibu wa serikali ulikuwa ndani ya mfuko mweupe miguuni pangu.

Sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia karani na ndizi yake, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia Munyiva mwenyewe kwa kulala usingizi wakati mimi nabeba mfuko ule. Ndivyo nilivyoumbwa, hasira hunitangulia kila mahali kama mbwa wa nyumbani, na huzuni huja baadaye ikiwa imechoka.

Watu wakisikia habari hii hudhani sisi ni matapeli. Sisi si matapeli, sisi ni vibarua. Kiwanda chetu kiko Athi River, kinasaga plastiki kuukuu, chupa na ndoo na viti vilivyovunjika, zinakuwa chengachenga za kuuzwa tena. Kila asubuhi getini husimama watu mara mbili ya wanaotakiwa. Wenye beji huingia kwanza, wengine huchaguliwa kwa macho. Ukikosa siku moja tu, beji yako anapewa aliyesimama nje, na wewe unarudi kwenye foleni pamoja na wageni. Kwa hiyo hakuna anayekosa. Mtoto akiugua, msiba ukitokea, unamtuma ndugu yako avae beji yako na akushikie nafasi. Picha haipo, ni jina na nambari tu.

Supavaisa wetu, Musau, mtu wa Ekalakala, alilijua jambo hilo vizuri na alikuwa na sharti moja. Ukivaa beji, jina lako ni lile la beji mpaka jioni. Hakutaka kusikia jina lingine humo ndani, meneja asije akasikia. "Hapa hakuna mama ya nani wala dada ya nani," alikuwa akituambia. "Kuna beji." Mimi mwenyewe nimewahi kuwa Loise siku mbili na Kavutha wiki nzima, na Kavutha akiitwa niliitika haraka kuliko Kavutha mwenyewe.

Huku nje hakuna anayeniita Kalunde. Mtaani mimi ni Mama Mutanu, kanisani Mama Mutanu, hata mwenye nyumba akija kudai kodi hunipa heshima hiyo. Jina la Kalunde lilibaki kwa Mwaitu, mama yangu, na kwa Munyiva, na kwa kiwanda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Kwa mjomba wetu huko Mitaboni kulikuwa na ntheo ya binti yake, yaani watu wa mchumba wanaleta mbuzi, na baada ya hapo msichana amekuwa wa watu. Munyiva alikuwa msusi sokoni Kangundo. Alikuja Athi River Ijumaa kununua nywele za kusukia, nikaona ni Mungu amemleta. Nikamwomba avae beji yangu asubuhi moja tu.

"Niko na mteja saa tisa," akasema. "Bibi harusi. Nikimkosa huyo nimeharibu jina."

"Saa sita ya chakula niko getini, nakupokea. Unatoka, naingia."

"Kalunde, wewe na saa mlikosana zamani."

"Munyiva, nimesema saa sita."

Akacheka, akachukua beji. Mimi jioni hiyo hiyo nikaenda kulala kwa Mwaitu, huko huko Mitaboni.

Nitasema ukweli wote, maana nusu yake nimeshaisema na haikunisaidia. Nilikuwa nimeshona kitenge kipya, chenye mikono mipana, na wake za binamu zangu walikuwa hawajakiona. Wageni waliambiwa saa mbili, wakafika saa nne na zaidi. Saa nne ndiyo ningepaswa kuwa nimeshaondoka. Nikajiambia nisubiri wasalimiwe. Halafu nikajiambia haifai kuondoka nyama ikiwa bado jikoni, watasema najisikia. Munyiva atavumilia kidogo. Simu ya kiwandani ilipopigwa, saa nane kasoro dakika kumi, nilikuwa nimeshika mfupa.

Nilifika hospitalini na kitenge changu. Nesi alikuwa ameinama juu ya kitanda anamwamsha dada yangu kwa upole. "Kalunde," alikuwa anamwambia. "Kalunde, fungua macho." Beji ilikuwa bado shingoni mwake.

Mwaitu ndiye aliyesema mkono usichomwe pamoja na takataka za hospitali. Tulichimba shimo nyuma ya jiko, karibu na ua, futi tatu hivi, shimo la mtoto mchanga. Mchungaji alisema hana sala ya jambo kama hilo, akaomba radhi, akanywa chai akaenda. Mwaitu akaomba mwenyewe. Alianza vizuri, kwa sauti ya kanisani, "Ee Bwana, tunakurudishia mkono wa," halafu akakwama. Karatasi ile alikuwa ameiona. Akaniangalia, akaangalia mikono yangu miwili iliyoshika jembe, akaangalia shimo. "Wa mtoto wangu," akamaliza, na hakusema amina.

Jumatatu ya pili kampuni iliniita. Ofisi ya wafanyakazi, chumba kidogo chenye feni, mwanamume mpole ambaye hakuniambia jina lake. Alikuwa na beji yangu kwenye bahasha, imeoshwa.

"Rejista inasema Kalunde aliingia kazini," akasema. "Kalunde ni wewe?"

"Ni mimi."

"Onyesha mikono."

Nikaionyesha. Kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, mimi mama mzima.

"Basi kwetu hakuna mtu ameumia," akasema. "Na huyo mwingine hatumjui, hajawahi kuandikwa hapa. Sisi si watu wabaya, mama. Ukikaa kimya, mwaka ujao tunakupa mkataba, unaacha kibarua. Ukifungua mdomo, wewe ndiye uliingiza mtu kiwandani kwa udanganyifu. Hiyo ni polisi."

Nikachukua beji. Nikaivaa. Kodi ilikuwa inakuja, ada ya Mutanu ilikuwa inakuja, na nilikuwa naogopa polisi kama ninavyoogopa nyoka. Hizo ndizo sababu zangu na sioni haya kuzitaja, ila zikiwekwa kando ya mkono hazifiki popote. Nilirudi kwenye mashine ile ile. Mkanda walikuwa wamebadilisha, mpya, mweusi, unanuka mpira. Kina mama tuliofanya nao kazi waliniachia nafasi kubwa pande zote mbili, na wakinipa kitu walikiweka chini nikiokote.

Wiki hiyo ndipo nilipoanza kuitwa.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana kweupe, bombani pale plotini, ndoo inajaa. Sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu anayepiga kelele kushinda kelele nyingine. "Kalunde!" Nyuma yangu kabisa. Nikageuka. Kulikuwa na shuka za jirani kwenye kamba na kuku mmoja. Nikarudi kwenye ndoo. "Kalunde!" Mara ya tatu ilikuwa karibu zaidi, na ilikuwa na hofu ndani yake, kama aliyeita ndiye aliyekuwa hatarini. Maji yalimwagika mpaka miguuni.

Susu yetu, mama yake Mwaitu, alitufundisha tukiwa wadogo kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukiitika umekubali. Kwa hiyo sikuitika, wala siku hiyo wala siku zilizofuata. Nilianza kuitwa kanisani Mitaboni katikati ya matangazo. Niliitwa kwenye duka la unga, mbele ya watu, na nikageuka haraka hata muuzaji akaniuliza kama nimeibiwa. Niliitwa kiwandani, kwenye mashine, pale pale. Daima mara tatu. Daima mchana, baada ya saa sita. Nilikonda. Nilidhani ni mkono unaniita kutoka nyuma ya jiko, unataka kujua ni wa nani. Cheka ukitaka, mimi nilikuwa nafunga kitambaa masikioni nikienda kuchota maji.

Munyiva alitoka hospitalini akakaa kwa Mwaitu. Kangundo hakurudi, kiti chake cha saluni kilichukuliwa kabla ya mwezi kuisha. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, tungegombana, mimi kwenye ugomvi najua njia. Nilimuuliza mara nyingi ilivyokuwa, na mara zote alijibu maneno yale yale: "Mashine ilinivuta tu." Halafu alitazama pembeni, akatafuta kitu cha kufanya kwa mkono wa kushoto.

Siku moja ya mwezi wa nne nilimkuta uani na mtoto wa jirani amekaa mbele yake kwenye kigoda. Mtoto alitaka asukwe, na Munyiva hakuweza kukataa. Alikuwa ameshika kichana kwa kushoto na amegawa nywele vizuri, mistari imenyooka. Akaweka kichana mdomoni. Akashika fungu moja la nywele. Na ule mkono mfupi, ndani ya sweta, ukanyanyuka wenyewe kwenda kuchukua fungu la pili. Ukafika kichwani kwa mtoto ukasimama hapo. Munyiva akaungoja. Wallahi, mimi si Mwislamu lakini sina kiapo kingine cha kutosha, aliungoja, kama mtu anavyomngoja mwenzake amalize kuongea. Mtoto akauliza, "Bado, aunti?"

Nilitoka nje ya ua bila kuaga. Jumatatu sikuenda kazini. Nilichukua gari la Machakos, nikaulizia ofisi ya usalama na afya kazini.

Afisa aliyenipokea alikuwa Madam Wavinya, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza ni tarehe gani ile, akahesabu kwa vidole.

"Mko na bahati. Mwaka haujaisha. Ukiisha, mlango unafungwa." Akavua miwani. "Sheria hii haiulizi kosa ni la nani, Mama Mutanu. Inauliza kama mfanyakazi aliumia kazini. Lakini lazima nijue ni nani aliumia. Rejista inasema Kalunde. Hospitali inasema Kalunde. Na Kalunde ndiye ameketi hapa ananinyooshea vidole vyote kumi. Unaona shida yangu?"

"Naona."

"Utasema mbele yao kwamba ulimpa beji?"

"Nitasema."

"Utapoteza kazi. Hiyo siwezi kukuficha."

Nikamwambia kazi yenyewe imeshanipoteza mimi. Hakucheka, lakini aliandika.

Tuliitwa mwezi wa sita, wiki ya pili. Chumba kilikuwa na meza ndefu na viti vya plastiki, na nilipoketi nilijiuliza kama ndoo za kiwanda chetu zimo ndani ya kiti hicho. Munyiva alikaa upande wangu wa kulia amejifunika leso mpaka viganjani, yaani kiganjani. Mkabala alikaa wakili wa kampuni, kijana, viatu vinang'aa. Musau, shahidi wao, aliambiwa angoje nje.

Nilisema yote. Beji, ntheo, saa sita niliyoahidi, mfupa niliokuwa nimeshika. Nilisema mpaka na karani na ndizi. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikadhani yamekwisha. Wakili akainuka.

"Mama, kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Siku ile nilikuwa."

"Hospitalini ulitia sahihi kwa jina la nani?"

"La Munyiva."

"Miezi minane ukaja kazini kama Kalunde, ukajibu kama Kalunde, hukusema kitu." Akamgeukia Madam Wavinya. "Mheshimiwa afisa, karatasi zote zina jina la mwanamke ambaye tunamwona hapa akiwa mzima. Huyu wa pili ana jeraha, pole yake, lakini hakuna karatasi hata moja inayomweka kiwandani. Mashine za kukata nyasi za ng'ombe ziko kila boma huku Ukambani. Tutajuaje? Tumeletewa neno la mtu ambaye amekiri mwenyewe kwamba anadanganya akitaka."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumrukia na viatu vyake. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sawa. Nilikuwa nimekuja na ukweli nikidhani ukweli unatosha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuharibu mapema. Munyiva angerudi Mitaboni mikono mitupu, hata huo mmoja mtupu, kwa sababu shahidi wake ni mimi.

Madam Wavinya akamgeukia Munyiva, akamuuliza taratibu ilivyokuwa.

"Mashine ilinivuta tu," akasema Munyiva.

"Kuna mtu alikuonya kabla?"

Munyiva akanitazama. Haraka tu, akarudisha macho mezani. "Sikumbuki."

Nilijua anadanganya. Nimemlea yule, nimembeba mgongoni, najua akidanganya masikio yake yanavyokaa. Ila sikujua kwa nini, na niliogopa.

Musau akaitwa. Aliingia na kofia mkononi, hakutuangalia. Wakili akampa ripoti ya ajali aliyoiandika siku ile, akamwomba aisome. Alisoma polepole. Plastiki ilikwama. Mfanyakazi alisukuma kwa mkono badala ya kuzima mashine. "Nilimwonya mfanyakazi kwa sauti mara tatu. Hakutii."

"Mara tatu," wakili akarudia. "Hata kama angekuwa ni yeye, alionywa mara tatu."

"Bwana Musau," akasema Madam Wavinya, "ulimwonya ukisema nini?"

"Nilimwita."

"Ulimwitaje? Niitie kama ulivyomwita."

Musau akasitasita. Akaangalia dirishani. Kisha akaita, si kwa nguvu zote, lakini kwa ile sauti, kavu, ya mtu anayeshindana na kelele.

"Kalunde! Kalunde! Kalunde!"

Nilishika meza. Ilikuwa ni yeye. Miezi yote ile bombani, kanisani, dukani, ilikuwa ni sauti hii, na haikuwa inaniita mimi. Ilikuwa inamwita Munyiva, atoe mkono, na kwa kuwa ilitumia jina langu ilikuwa imekuja kwangu.

"Na yeye alifanya nini?" Madam Wavinya alikuwa anaandika.

"Hakuniangalia. Aligeuza kichwa akaangalia geti."

"Wewe ulikuwa upande wa geti?"

"Hapana, Madam. Nilikuwa nyuma yake, kwa swichi."

Kalamu ikasimama. "Mtu akiitwa jina lake huangalia anakotoka anayemwita. Huyu ameitwa mara tatu kutoka nyuma, na ameangalia mbele, getini. Kwa nini?"

Musau alikuwa anaizungusha kofia mikononi, anaizungusha, na kwa mara ya kwanza akamtazama Munyiva, ile leso, na pale leso ilipoishia bila vidole.

"Kwa sababu halikuwa jina lake," akasema. "Nilijua. Nilijua tangu asubuhi akiingia. Munyiva. Nilimsalimia kwa jina lake getini."

"Bwana Musau," wakili akaanza.

"Wacha amalize," akasema Madam Wavinya. "Kama ulimjua, kwa nini hukuita Munyiva?"

"Meneja alikuwa amesimama hapo," akasema Musau. Akaanza kulia, mzee wa watu, analia kwa sauti mbele ya wanawake, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Basi hapo tulikuwa tumeshinda. Nililijua, wakili alilijua, alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Ningeomba dunia isimame pale. Lakini Madam Wavinya ni mtu wa kazi yake, na ukurasa wake ulikuwa na nafasi tupu.

"Munyiva," akasema. "Nahitaji kusikia kutoka kwako. Ulisikia akiita?"

"Kuna haja, Madam? Amekwisha kusema."

"Kuna haja. Lazima niandike."

Munyiva akavuta leso. Hakunitazama tena.

"Nilisikia," akasema. "Mara zote tatu. Saa sita nilienda getini nikangoja mpaka chakula kikaisha, hakukuwa na mtu. Nikarudi kwa mashine. Nikawa naangalia geti kila saa, kupitia ule mlango mkubwa linaonekana. Halafu nikasikia 'Kalunde'. Nikajua amefika, Musau amemwona. Nikageuka kumtafuta. Nilifurahi. Nilisahau mkono."

Kalamu ya Madam Wavinya ilisikika kwenye karatasi. Aliandika kila neno, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo. Munyiva akasema ndivyo. Kisha tukapewa tusome na kutia sahihi, yeye kwa kushoto, herufi za mtoto wa darasa la kwanza, na mimi chini yake kama shahidi.

Kampuni ililipa, baada ya barua nyingi, karibu na Krismasi. Musau walimfukuza wiki ile ile ya ushahidi, na mimi wakanifungia mlango, lakini polisi hawakuja. Siku hizi niko Mitaboni, nalima na nauza mboga. Munyiva amefungua saluni yake barabarani, wasichana wawili wanasuka na yeye anasimama nyuma yao anawaelekeza, na wateja wanatoka mpaka Kathiani. Sauti bado naisikia, mchana, baada ya saa sita. Siitiki, maana sasa najua si mimi ninayeitwa.

Wanawake wa kanisani hunishika mkono baada ya ibada. Wamesikia jinsi nilivyosimama mbele ya wakili nikajianika, nikapoteza kazi kwa ajili ya ndugu yangu. Wanasema nilimwokoa Munyiva. Wengine husema hivyo akiwa amesimama hapo karibu. Yeye huwasalimia, huwauliza habari za nyumbani. Hajawahi kuitikia neno hilo hata mara moja, na mimi sijawahi kumwomba.